Padri amenisamehe, lakini dada wa kazi aliyefukuzwa kwa wizi wangu hajui

#1 Mgeni wa Jumapili

Wakuu, habari za usiku. Nimefungua akaunti mpya kwa jambo hili moja, maana ile ya zamani ndugu zangu wanaijua.

Mwaka 2008 nilikuwa kidato cha tatu, naishi Tabata kwa shangazi yangu, dada wa baba. Ndiye aliyenilea wazazi walipoachana. Shangazi alikuwa anacheza upatu na wenzake wa sokoni. Zamu yake ilipofika akapokea laki tatu, akazifunga kwenye kitambaa na kuzisukumia chini ya godoro. Mimi nikachomoa 80,000. Nilinunua simu ya mtumba Kariakoo, chenji ikaishia kwenye chipsi. Wenzangu niliwaambia simu nimepewa na binamu.

Nyumbani tulikuwa watatu: shangazi, mimi na dada wa kazi, binti wa Makambako, wakati ule bado ni mkoa wa Iringa. Tulikuwa karibu umri mmoja. Shangazi alipohesabu hela zake hakuniuliza mimi kwanza. Alimpekua yule binti sanduku mpaka nguo za ndani, hakupata kitu, akasema basi ameshazituma kwao. Polisi hakumpeleka. Kesho yake alfajiri alimpandisha basi pale Ubungo, na mshahara wa miezi miwili aliokuwa anadai hakupewa. Ikahesabika umefidia.

Mimi nilikaa kimya.

Tangu hapo nimeungama mara nyingi tu. Ila nilikuwa naungama ile orodha ya kipaimara: nimesema uongo, nimekosa Misa, nimewaza mabaya. Hili naliruka. Juma Kuu la mwaka huu nikajipanga foleni kwenye parokia nisiyofahamika, nikalitoa. Padri alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Yule binti yuko wapi?" Nikasema sijui, Padri. "Umewahi kumtafuta?" Nikanyamaza. Akanipa malipizi, rozari nzima, "na umtafute." Halafu yale maneno: nami nakuondolea dhambi zako.

Nilitoka mwepesi kama nimetua gunia. Ule wepesi ulikaa siku nne.

Jumapili ya Pasaka tulikuwa kwa shangazi, tunakula pilau. Mke wa binamu yangu amejifungua, anatafuta msichana wa kumsaidia. Shangazi akamwambia: "Wadada wa kazi ni wa kuwaangalia, mwanangu. Mimi mmoja aliniibia upatu wangu huku namwita mwanangu." Akamtaja jina. Mimi nikaendelea kula.

Rozari nimeshasali. Kumtafuta bado. Naomba kuuliza, na wa dini zote karibuni: hii dhambi imeondolewa au haijaondolewa? Na kama imeondolewa, mbona pilau lilinikaa kooni?

Matusi msijisumbue, ninayo ya kunitosha.

#2 Pasi Ndefu

Elfu themanini? Wenzako wanakula mabilioni ya umma na Jumapili wanakaa benchi la mbele wanasoma somo la kwanza. Lala usingizi mkuu.

#3 Frateri Mstaafu

Nilikaa seminari miaka saba kabla ya kutoka, kwa hiyo haya si ya kusikia kijiweni.

Mleta uzi, kwanza ondoa hofu kama unayo: hujavunja siri yoyote kwa kusimulia hapa. Siri ya maungamo inamfunga padri, wewe haikufungi. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inamkataza kumsaliti muungamaji kwa maneno au kwa njia nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Mkalimani, kama alikuwapo, naye amefungwa, na aliyesikia kwa bahati vilevile. Kanuni inayofuata inamkataza hata kutumia alichosikia kwa namna ya kumdhuru muungamaji. Padri akiivunja moja kwa moja anakuwa ametengwa na Kanisa palepale, bila kusubiri kikao, na kufunguliwa kwake ni mpaka Roma. Padri wako akikaribishwa chakula kwa shangazi yako kesho, hana ruhusa hata ya kukukunjia uso.

Wapo wanaosema hiyo ni kinga ya wahalifu, na mjadala si mdogo. Australia, baada ya tume iliyochunguza unyanyasaji wa watoto kwenye taasisi kutoa ripoti yake mwaka 2017, majimbo kadhaa yalitunga sheria za kumlazimu padri atoe taarifa hata ya alichosikia kwenye kitubio. Jimbo la Washington kule Marekani lilipitisha yake 2025, mahakama ya shirikisho ikaizuia kuwagusa mapadri kabla haijaanza kazi. Mimi hapa sina amani. Hoja ya Kanisa naijua kwa moyo, na nina binti wa miaka 8.

Tuje kwenye historia kidogo, maana watu hudhani kile kiboksi cha kuungamia kilishuka na Mitume. Karne za mwanzo, dhambi nzito kama kuua, kuzini au kuikana imani zilitubiwa mbele ya jumuiya nzima, na nafasi ilikuwa moja tu maishani baada ya ubatizo. Ndiyo maana wengi walisubiri mpaka wako kitandani wanakata roho. Mwaka 390 Kaizari Theodosius aliamuru watu wachinjwe Thesalonike, na Ambrosi, askofu wa Milano, akamnyima meza ya Bwana mpaka alipotubu hadharani. Kaizari mzima! Kuungama faraghani, kwa mtu mmoja, tena na tena, kulienezwa Ulaya na wamonaki wa Ireland kuanzia karne ya 6. Walikuwa na vitabu vyenye viwango kama bei za dukani: kosa hili, siku kadhaa za mkate na maji. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ndio ulioagiza kila muumini aungame angalau mara moja kwa mwaka. Na kiboksi chenye wavu? Karne ya 16, Karoli Boromeo, askofu mkuu wa Milano. Sababu mojawapo ilikuwa kuweka ubao kati ya padri na waungamaji wa kike. Kanisa linajijua.

Sasa swali lako. Katekisimu namba 1459 inajibu bila kuzunguka: maondoleo yanafuta dhambi, lakini hayatengenezi vyote ambavyo dhambi imeviharibu. Inataja kwa majina: rudisha ulichoiba, rudisha heshima ya uliyemchafulia jina. Kwa hiyo kwa Mungu, ukiwa na majuto ya kweli na nia ya kutengeneza, umesamehewa. Pilau limekukaa kooni kwa sababu hujatengeneza.

#4 Mla Visheti

Assalaam alaykum, na wasiosalimiwa hivyo, habari zenu. Mimi ni Muislamu, niko Tanga.

Sisi hatuna padri wa kuungamia. Toba ni yako na Mola wako, hata usiku wa manane juu ya kitanda. Tena tumekatazwa kutangaza. Katika Bukhari ipo hadithi ya Abu Huraira kwamba umma wote utasamehewa isipokuwa wanaojidhihirisha: mtu anafanya jambo usiku, Allah anamsitiri, asubuhi anamwambia mwenzake jana nilifanya hivi na hivi. Amelala kwenye stara ya Mola wake, kaamka kaivua mwenyewe. Na yule sahaba Maiz, alipokwenda kujishitaki kwa zinaa, Mtume (SAW) alimgeuzia uso mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha mtu aliyemshauri aende akaambiwa: lau ungemsitiri kwa nguo yako ingekuwa kheri kwako.

Kwa hiyo kawaida ningekwambia, ndugu yangu, funga uzi huu ukatubu kimya.

Ila kesi yako si hiyo. Masharti ya toba wanavyuoni wanayahesabu matatu: uache, ujute, uazimie kutorudia. Dhambi ikigusa haki ya mja mwenzio linaongezeka la nne: umrudishie haki yake au akusamehe. Hapo huwezi kumruka ukaenda juu. Ile hadithi ya muflisi unaisikia kila Ijumaa: mtu anakuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka kama mlima, lakini alimtukana huyu, akamsingizia yule, akala mali ya yule. Wanagawiwa mema yake mpaka yanaisha, madai bado yapo, anabebeshwa madhambi yao. Ndiyo maana kwetu maiti kabla haijaenda makaburini mtu wa familia husimama: mwenye deni na marehemu aje kwetu. Tunamwahi mdai kabla ya siku ile.

Stara ni nguo. Wewe ulisitiriwa kwa nguo aliyovuliwa yule binti.

#5 Pasi Ndefu

@Frateri Mstaafu umenigusa hapo kwenye kutengeneza. Kwa nini basi padri hakumwambia, nenda kwanza kwa shangazi, kaseme, ndipo urudi nikuondolee?

#6 Frateri Mstaafu

Swali zuri. Nia ya kweli inatosha kupewa maondoleo. Ahadi ya kurudisha inapokelewa, kama mtu hana hela leo. Na upande wa dola, Roma ilitoa waraka mwaka 2019 ikakumbusha kwamba padri hawezi kuweka kujipeleka polisi kuwa sharti la kumwondolea mtu dhambi. Kumshauri anaweza.

Lakini ipo kesi moja ambapo sheria inadai utengeneze kwanza: kanuni ya 982. Ukikiri kwamba ulimshitaki padri kwa uongo kwa wakubwa wake kuwa alikutongoza kwenye maungamo, huondolewi mpaka uyafute rasmi mashitaka yale na uwe tayari kulipa madhara.

#7 Pasi Ndefu

Sawasawa. Padri akisingiziwa, futa kwanza. Dada wa kazi akisingiziwa, sali rozari. Nimekuelewa frateri.

#8 Frateri Mstaafu

Aliambiwa amtafute pia. Ila pigo lako nimelipokea, sina jibu safi.

#9 Usharika wa Pili

KKKT hapa. Sisi tunaungama wote kwa pamoja kila Jumapili, mchungaji anatamka msamaha, dakika mbili tumeketi. Watu hudhani Luther alifuta maungamo ya faragha. Hakufuta. Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 11, linasema yabaki, ila si lazima kuorodhesha kila dhambi. Sisi tulishika hiyo "si lazima" tukasahau "yabaki". Sijawahi kuona Mlutheri mwenzangu akigonga mlango wa mchungaji kusema niliiba.

#10 Mjukuu wa Mlokole

Nimezaliwa Karagwe, bibi yangu alikuwa mlokole wa zamani zile, na hata neno lenyewe tumelichukua kwa Waganda: abalokole, waliookoka. Uamsho wao ulitokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Kabla ya hapo, 1929, daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, alikutana na Simeoni Nsibambi kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma na kuomba pamoja. Moto ukavuka mpaka kwetu.

Wale walikuwa na kitu wakikiita kutembea nuruni. Unasimama katikati ya ndugu, unasema ulichofanya, kwa jina lake. Huondoki na "nimekosa" ya jumla. Bibi alikuwa akisimulia watu wakirudisha majembe, blanketi, sahani za mission, mwingine kapita nyumba kwa nyumba akilipa madeni ambayo wenye madeni wameyasahau. Wazungu wenyewe walichanganyikiwa: mtu anakuja kusema nilikuibia sukari miaka minane iliyopita, chukua hii.

Nikiwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo dawa ya dunia. Kisha bibi, akiwa mzee sana, akaniambia upande wa pili. Mwanamume alisimama akaungama zinaa na kumtaja mwanamke. Yeye akapigiwa makofi na wimbo. Mwanamke alikuwa amekaa safu ya tatu na mumewe, hakuombwa ruhusa. "Yule aliingia nuruni," bibi alisema, "akamsukumia mwenzie gizani."

Kwa hiyo mleta uzi, usije ukasimama kanisani kutoa ushuhuda. Makofi yatakudanganya.

#11 Mnyaki wa Juu

Kwetu Rungwe wazee waliamini hasira iliyofichwa moyoni ndiyo inayoleta maradhi kwenye ukoo. Kabla ya tambiko la kupatana lazima kila mwenye neno alitoe, hata kama ni la aibu, ndipo maji yanapulizwa. Ukilibakiza moja, tambiko lote bure. Nimelikumbuka nikisoma hapa, maana nahisi kuna neno limebaki.

#12 Siyo Hausigeli

Mimi nilikuwa dada wa kazi miaka 6, Mbagala na Kijitonyama. Sasa nina kibanda changu cha kushona. Nimesoma uzi wote nikasema nisichangie, nimeshindwa.

Mnajadili Roma na Milano. Niwaambie basi la Ubungo lilikuwaje. Ukifukuzwa kwa wizi, habari inafika kijijini kabla yako. Aliyekuleta mjini anapiga simu kwenu, maana na yeye jina lake limechafuka, hatapewa tena mabinti wa kuleta. Unashuka, mama yako anakuangalia mikononi kwanza, umekuja na nini, halafu usoni. Kaka zako wanacheka. Akija mtu wa kukuposa anaambiwa. Elfu themanini mnaiona ndogo kwa sababu hamkutembea nayo mgongoni.

Mleta uzi, nina swali, na usinijibu kama ulivyomjibu padri. Umeandika "mimi nilikaa kimya". Mimi nimeishi kwenye nyumba za watu. Mama mwenye nyumba akiibiwa hamwachi mtoto wa nyumbani bila kumuuliza chochote. Alikuuliza nini, na ulisema nini?

#13 Pasi Ndefu

Hapa utani umeniishia.

#14 Mgeni wa Jumapili

Nimekaa na swali hili tangu jana usiku. Nimeandika na kufuta.

Aliniuliza. Alisema, "Wewe ulimwona akiingia chumbani kwangu?" Nikasema ndiyo, alikuwa anafagia.

Na ilikuwa kweli. Alikuwa anafagia. Kila siku alikuwa anafagia.

Kwa padri sikulisema hili. Sikuliona kama uongo, maana haukuwa uongo. Nilisema nimeiba na nimenyamaza.

#15 Frateri Mstaafu

Ulilisahau au uliliruka?

#16 Mgeni wa Jumapili

Niliruka.

#17 Mla Visheti

Subhanallah. Ngoja nikupe aya, mkuu. Suratun Nisaa, aya ya 112: mwenye kufanya kosa au dhambi kisha akamtupia asiye na hatia, amejitwika dhuluma na dhambi iliyo wazi. Wafasiri wanasema aya hizi zilishuka juu ya mtu wa Madina aliyeiba deraya, vazi la vita, akaitupia kwa Myahudi, na jamaa zake, Waislamu wale, wakaja kumtetea ndugu yao. Wahyi ukashuka kumsafisha Myahudi. Hakuambiwa mwizi asitiriwe kwa kuwa ni mwenzetu. Tafakari hapo: mwenye nyumba na mgeni, nani aliaminiwa kwanza, na Allah akasimama na nani.

#18 Mama Wawili

Naona wote mnamsukuma kijana akaseme. Niruhusuni nikae upande mwingine, kwa uchungu wangu.

Mume wangu alirudi kutoka semina ya ndoa ya kanisani, wamefundishwa uwazi. Akanikalisha, akaniambia kuna mwanamke alikuwa naye miaka miwili kabla, na yameshakwisha. Sikuwa najua, wala sikuwa nashuku. Alilia, tukaomba, akalala usingizi usiku uleule, na kukoroma juu. Mimi sikulala miezi mitano. Alichokitua yeye nilikibeba mimi, na kanisani wakampongeza kwa ujasiri.

Shangazi yako ni mtu mzima sasa. Ana presha? Wazee wengi wanayo. Unataka kwenda kumwambia kwamba mtoto aliyemlea ndiye mwizi, na binti aliyemfukuza alimdhulumu? Hiyo ni kwa faida ya nani? Tafuta binti, mpe hela zake na zaidi, mwombe radhi. Mzee mwache na pilau lake.

#19 Usharika wa Pili

Mama Wawili ana hoja nzito. Nimebaki katikati.

#20 Umushyitsi

Habari kutoka Kigali, mtanisamehe Kiswahili changu. Sisi tulikuwa na gacaca, mahakama za wanakijiji za kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, vijiji vyote, mpaka zilipofungwa Juni 2012. Kesi karibu milioni 2 zilipita pale. Aliyekiri alipunguziwa adhabu, lakini kukiri kulikuwa na masharti: useme ulichofanya, utaje ulikuwa na nani, uonyeshe maiti ziko wapi, uombe radhi. Walikuwapo waliokiri nusu ili watoke gerezani, tuliwajua, maneno yao yalikuwa ya kukariri. Wengine walisingizia majirani.

Lakini mama wa jirani yetu alimpata mume wake kwa sababu ya mtu aliyekiri. Alikuwa chini ya mti wa parachichi ambao yeye mwenyewe alikuwa anachuma matunda yake. Sijui kama alimsamehe yule mtu. Mifupa aliipata, akaizika.

Mimi hupima hivyo tu. Kukiri kwako kunampa nini yule mwingine? Dada wa hapo juu mume wake hakumpa chochote, alimtupia mzigo. Binti huyu kuna kitu alipokonywa, na mwenye nacho ni wewe.

#21 Siyo Hausigeli

Umushyitsi, Mungu akubariki.

Mleta uzi, ukimpata, mambo mawili. Usimpelekee machozi yako, ana yake. Na usimwambie padri amekusamehe.

#22 Mgeni wa Jumapili

Nimerudi baada ya siku kumi na moja. Samahani kwa waliokuwa wananitafuta kwa jumbe za pembeni.

Nilimpata. Mama mmoja wa Buguruni ndiye aliyekuwa analeta mabinti kutoka kule, bado yupo, anauza mkaa. Nilimdanganya kidogo ili anipe namba. (Naam, uongo mwingine.) Yule binti sasa ana duka la mitumba Makambako na watoto watatu. Nilipojitambulisha alikaa kimya, akasema, "Subiri nimalize na mteja." Nilisikiliza akipatana bei ya sketi, dakika nne nzima. Ilikuwa ndefu kuliko foleni ya maungamo.

Akarudi. Nikasema yote, pamoja na lile la kufagia. Sikulia, Siyo Hausigeli, nilijitahidi.

Akaniuliza, "Simu ilikuwa ile Nokia ya bluu?"

Nikasema ndiyo.

"Niliiona kwenye begi lako nikitoa nguo za kufua. Siku moja kabla."

Alikuwa anajua muda wote. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akacheka, si kwa ubaya. "Ningesema kwa nani? Wewe ulikuwa mtoto wa nyumbani."

Nikamwambia nataka kumtumia hela, zile 80,000 na mshahara wake wa miezi miwili, na nyongeza kwa miaka yote hii, ataje yeye. Akasema zile 80,000 hazikuwa zake, ni za shangazi yangu, nikamrudishie mwenyewe. Mshahara ndiyo wake, na aliyemnyima ni shangazi, kwa hiyo shangazi ndiye atakayemtumia. Nikanyamaza. Akaendelea, na hapa naandika kama alivyosema:

"Unaniomba mimi msamaha, sawa, nimekusikia. Lakini mimi unaniambia ninachokijua. Mimi najua sikuiba. Asiyejua ni shangazi yako. Na mama yangu amekufa hajui."

Halafu kaniambia kuna mteja, akakata.

#23 Mama Wawili

Nimesoma mara tatu. Nafuta niliyosema kuhusu pilau.

#24 Frateri Mstaafu

Rudi na kwa padri vilevile, ukaseme lile la kufagia.

#25 Pasi Ndefu

Huyo dada angefaa kuwa kadinali.

#26 Siyo Hausigeli

Mtoeni kwenye ukadinali, ana duka la kuangalia. Mleta uzi, unakwenda lini?

#27 Mgeni wa Jumapili

Jumamosi. Nimempigia shangazi kwamba nakuja, nina mazungumzo naye. Ameniuliza anipikie nini.